Kubadilisha si Kusimamisha: Benki na Barua Zinazopotea Njia Nairobi

Lalamiko lenyewe ni la kawaida. Kila mwisho wa mwezi mtu anapokea kwenye baruapepe yake stetimenti ya akaunti isiyo yake. Anapiga simu huduma kwa wateja, anaulizwa namba ya akaunti na namba ya kitambulisho. Anaeleza kwamba hana akaunti katika benki hiyo, na ndiyo maana amepiga. Mhudumu anajibu kwamba bila namba hizo hawezi kufungua faili. Mwezi unaofuata stetimenti inaingia tena, na chini yake pameandikwa: tafadhali usijibu ujumbe huu.

Wengi humalizia hapo kwa kusema benki hazijali watu. Mara nyingine ni kweli. Hata hivyo mhudumu ana hoja nzito kuliko inavyosikika kwenye simu. Mwizi anayetaka kukomba akaunti huanza na mawasiliano ya mwenyewe: hubadilisha laini ya simu, huondoa baruapepe, kisha huhamisha pesa bila mwenye akaunti kupata taarifa. Mtu asiyejulikana anayepiga simu na kusema "toeni anwani hii kwenye akaunti hiyo" anasema maneno yale yale ambayo mwizi angesema. Juu ya hayo benki inabanwa na usiri. Mhudumu akikuambia "siwezi kuthibitisha kama huyo ni mteja wetu", hajakukosea adabu. Hata kukiri tu kwamba fulani ana akaunti hapo ni kutoa siri yake.

Benki zinakosea pale zinapochukua mambo mawili na kuyafanya moja. Kubadilisha anwani ya mteja kwa ombi la mtu baki ni hatari, na kukataa ni sawa. Kusimamisha kutuma stetimenti kwenye anwani inayotiliwa shaka ni jambo jingine. Hakuna pesa inayohama kwa sababu stetimenti ya mwezi imezuiliwa. Afisa anaweza kutia alama kwenye faili, akazuia utumaji, halafu akampigia mteja kwa namba ya simu iliyothibitishwa na kumwomba afike tawini na kitambulisho chake. Aliyeripoti hahitaji kuambiwa lolote zaidi ya namba ya marejeleo. Kinachokosekana katika benki nyingi ni kitufe hicho cha katikati: mfumo wa mhudumu una njia ya mteja aliyejitambulisha, na njia ya kukata simu.

Hata hiyo njia ya katikati isichukuliwe kirahisi. Arifa za papo hapo, zile zinazosema pesa imetoka, si sawa na stetimenti. Zikisimamishwa kwa neno la mpiga simu, mwizi aliyekwisha kuingia akauntini amepewa giza alilolitaka. Kwa hiyo arifa zisizimwe hadi mteja apatikane kwa njia nyingine. Stetimenti inaweza kungoja. Mteja ataisoma tawini au kwenye programu ya simu.

Kosa lenyewe huzaliwa mezani, siku akaunti inapofunguliwa. Namba ya simu huhakikishwa kwa msimbo wa mara moja, kwa kuwa bila hiyo huduma za simu hazifanyi kazi. Baruapepe hunakiliwa tu kutoka kwenye fomu iliyojazwa kwa kalamu. Tarakimu 1 inasomwa kama herufi l, alama ya mstari wa chini (_) inafichwa na mstari wa fomu, na karani aliye na foleni ndefu hamuulizi mteja mara ya pili. Kisha kuna jambo la Gmail ambalo wengi hawalijui: nukta zilizo kabla ya alama ya @ hazihesabiwi. Anayeandika jina.langu na anayeandika jinalangu wanataja sanduku moja, na sanduku hilo lina mwenyewe mmoja tu. Katika mji wenye majina yanayofanana kama Nairobi, mteja anaweza kuamini kwa miaka kwamba hiyo ni anwani yake, kumbe barua zote zinamwendea mtu wa Kasarani asiyemjua. Dawa yake ni nyepesi: kiungo kimoja cha uthibitisho, na hakuna stetimenti inayotumwa kabla mteja hajakibonyeza.

Barua za karatasi zina ugonjwa wao. Hatuna postamani anayegonga mlango. Tuna sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe ni la mwajiri, la shule au la kanisa. Mtu anaacha kazi Industrial Area, stetimenti zake zinaendelea kwenda kwa mwajiri wa zamani. Mwingine haendelei kulipia sanduku lake, Posta inalifunga, baadaye linapata mpangaji mpya anayerithi barua za aliyemtangulia. Na msimbo wa posta, ile namba inayotaja ofisi ya posta ya eneo, una uzito wake: 00100 ni GPO (Posta kuu ya Nairobi), 00200 ni City Square, 00800 ni Westlands. Karani akiandika 80100 badala ya 00100, bahasha imeshika njia ya Mombasa, ambako huenda kuna sanduku la namba hiyo hiyo. Hapa benki ina kisingizio kidogo, kwa kuwa mteja aliyehama ndiye aliyepaswa kusema. Lakini bahasha inapoirudia ikiwa na maandishi "mwenyewe hayupo", kisha mwezi unaofuata ikatumwa nyingine pale pale, kisingizio kimekwisha.

Benki hujitetea pia kwa nywila: stetimenti imefungwa, mgeni haioni. Utetezi huu ni dhaifu pale nywila inapokuwa namba ya kitambulisho. Tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100, na kompyuta ya kawaida huijaribu yenyewe bila kuchoka. Tena katika Nairobi namba ya kitambulisho si siri hata kidogo. Imeandikwa kwenye daftari la askari wa geti la kila jengo ulilowahi kuingia, sambamba na namba yako ya simu. Jina la mteja nalo liko wazi kwenye salamu ya barua.

Upande wa sheria, watu hujikwaa kwenye swali la nani ana haki ya kulalamika. Benki husema data ni ya mteja, wewe si mteja, basi huna kauli. Hoja hiyo inasahau kwamba anwani ya baruapepe ni data yako wewe. Imefungwa kwenye faili la mtu mwingine, si sahihi pale, na una haki ya kutaka irekebishwe. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data iwe sahihi, na yenye kasoro ifutwe au irekebishwe bila kuchelewa. Kanuni zake za 2021 zinatoa siku 14 kwa ombi la marekebisho. Kwa data iliyofika kwa asiyehusika, pakiwa na hatari ya kweli ya madhara, benki ina saa 72 tangu kugundua kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayesimamia sheria hiyo. Saa hizo zinaweza kupita bila lolote kufanyika ikiwa ripoti yako imekwama kwa mhudumu asiye na mahali pa kuiandika, na hilo, kwa maoni yetu, ndilo linaloiponza benki kuliko kosa la kwanza la karani.

Kwa hiyo usipoteze salio kwenye huduma kwa wateja. Soma ilani ya faragha kwenye tovuti ya benki, humo kuna anwani ya afisa wa ulinzi wa data. Mwandikie: tarehe na saa ya kila ujumbe, anwani iliyoutuma, kichwa chake, na tarakimu nne za mwisho za akaunti kama zinaonekana. Usifungue kiambatisho na usikitume mbele, hata kwa benki yenyewe, maana utakuwa umesambaza siri ya mtu. Sema wazi kwamba huombi kubadilisha taarifa za mteja, unaomba anwani yako iondolewe na utumaji usimame. Sentensi hiyo moja hupunguza hofu ya wizi tuliyoitaja. Kiungo cha kujiondoa kilicho chini ya barua hakisaidii. Kwa kawaida hukata matangazo tu, stetimenti haiguswi. Usimtafute mwenye akaunti kwenye Facebook. Ukimpigia na kumtajia benki yake, atakuona tapeli, na hatakuwa na kosa.

Kwa bahasha ya karatasi, usiifungue. Kata anwani kwa mstari mmoja, andika "mwenyewe hayupo, rudisha kwa mtumaji", uipeleke kaunta ya Posta badala ya kuiacha juu ya masanduku.

Ukishajibiwa, usihukumu kwa barua ya kwanza inayofuata. Anwani ya mteja mara nyingi hukaa mahali pengi: kwenye mfumo mkuu wa benki, kwenye mfumo wa kadi, kwenye faili la mkopo, na kwenye programu inayochapa stetimenti, ambayo huandaa orodha yake kabla ya siku ya kutuma. Marekebisho ya tarehe 28 yanaweza kukuta orodha imeshafungwa. Stetimenti ya pili ikija baada ya hapo, kuna mfumo mmoja uliosahauliwa, na siku 14 zimepita. Hapo peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, pamoja na nakala ya ombi lako la kwanza na namba ya marejeleo. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuchunguza na kumaliza.