Zizi Likiwa Kubwa Mno, Farasi Hana Mtetezi

Tarehe 29 Februari 2020, katika uwanja wa Mfalme Abdulaziz mjini Riyadh, farasi wa Kimarekani aitwaye Maximum Security alifika wa kwanza katika Kombe la Saudia, akimtangulia jike Midnight Bisou. Zawadi ilikuwa dola milioni 20, na milioni 10 kati ya hizo zilikuwa za mshindi. Hakuna mbio za farasi zilizokuwa zimewahi kutangaza fedha nyingi kiasi hicho. Siku tisa baadaye mkufunzi wake, Jason Servis, alitajwa kwenye mashtaka ya serikali ya Marekani pamoja na watu wengine zaidi ya ishirini, kwa tuhuma za kuwapa farasi dawa za kuongeza nguvu. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Wasaudi, waliokuwa wameizuia zawadi ya mshindi, walimvua Maximum Security ushindi mwaka 2024 na kumpa Midnight Bisou.

Katika kesi hiyohiyo alikuwemo mkufunzi mwingine, Jorge Navarro, aliyefungwa miaka mitano. Farasi wake XY Jet alishinda mbio za Golden Shaheen kule Dubai Machi 2019, zawadi yake dola milioni 2.5. Januari 2020 XY Jet alikufa, na ikatangazwa kuwa ni moyo. Waendesha mashtaka walieleza baadaye jinsi farasi huyo alivyokuwa akipewa dawa haramu ili akimbie vile.

Wengi walioandika juu ya kesi hii waliishia hapo: wabaya wamekamatwa, mchezo umesafishwa. Mimi naona walikatisha habari pale ilipoanza kunoga. Servis alipokamatwa, wenye Maximum Security walimtoa kwenye zizi lake na kumpeleka California kwa Bob Baffert, mmoja wa wakufunzi wenye nguvu kuliko wote nchini Marekani. Mwaka uliofuata Baffert mwenyewe akawa ndiye habari. Farasi wake Medina Spirit alishinda Kentucky Derby tarehe 1 Mei 2021, kisha damu yake ikakutwa na betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe ambayo Kentucky hairuhusu iwemo mwilini siku ya mashindano. Upande wa Baffert ulisema ilitokana na mafuta ya kutibu ugonjwa wa ngozi. Waamuzi hawakukubali, na ushindi ukafutwa Februari 2022. Medina Spirit hakuishi kuiona hukumu hiyo. Alianguka na kufa mazoezini kwenye uwanja wa Santa Anita, California, tarehe 6 Desemba 2021, akiwa na umri wa miaka mitatu. Uchunguzi wa maiti haukutoa sababu ya uhakika, kwa hiyo mimi sitasema ni dawa. Ninachosema ni kwamba farasi huyu, aliyewahi kuuzwa mnadani kwa dola 1,000 akiwa mdogo, alipita kwenye mikono ya watu wengi wenye fedha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kumpumzisha.

Uwanja wa Churchill Downs, unakokimbiwa Kentucky Derby, ulimpiga marufuku Baffert. Ilipofika Derby ya 2022, farasi wawili bora wa zizi lake, Taiba na Messier, walikimbia chini ya jina la Tim Yakteen, aliyewahi kuwa msaidizi wa Baffert. Miezi michache baadaye Taiba alikuwa amerudi kwa Baffert, anashinda tena. Adhabu ilimgusa mkufunzi. Fedha, farasi na namna ya kazi vilibaki palepale vilipokuwa.

Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na kwenye mbio za farasi watu wamempisha mpaka wameishiwa na njia. Ndiyo maana nasema tatizo la ustawi wa farasi halianzii kwenye sindano. Linaanzia kwenye ukubwa wa zizi. Pale wakufunzi wachache wanapokusanya karibu farasi wote wazuri, hakuna anayebaki na ubavu wa kuwaambia hapana: mwenye uwanja hana, daktari hana, wala saisi, yaani mtunza farasi, hana.

Mwenye uwanja anaishi kwa kamari, na mcheza kamari hupenda mbio zenye farasi wengi. Mbio zenye farasi watano hazimvutii. Zikiwa na kumi au kumi na mbili ndipo anafungua pochi. Kwa hiyo ofisi ya uwanja inayopanga mbio hupiga simu kila siku kuwaomba wakufunzi walete farasi. Mkufunzi mwenye farasi mia mbili anaweza kuijaza ratiba au kuiacha wazi. Huyo utamkaripia vipi?

Santa Anita ilituonyesha matokeo yake. Katika msimu ulioanza Desemba 2018 hadi Juni 2019, farasi 30 walikufa kwenye uwanja huo mmoja. Mvua zilikuwa nyingi mno mwaka ule, na udongo wa uwanja ulilaumiwa, pengine kwa haki. Lakini bodi ya mbio ya California ilipochunguza vifo 23 vya mwanzo, ilikuta kwamba 21 kati ya farasi hao walikuwa tayari na jeraha la zamani palepale walipovunjika. Ikasikia pia wakufunzi wakisema walijiona wakisukumwa na uwanja wawakimbize farasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa maradhi ya mguu wa farasi yalifichwa na watu, na aliyeumbuliwa ni farasi.

Nani angeweza kuyaona majeraha yale? Saisi. Yeye ndiye anayeushika mguu wa farasi alfajiri na kuhisi joto kwenye kifundo kabla picha ya eksirei haijaonyesha chochote. Katika zizi la farasi kumi na tano, saisi na mkufunzi wanasimama pamoja mbele ya mnyama yuleyule, na neno lake linasikika saa ileile. Kwenye mazizi makubwa ya Marekani, mkufunzi ana makundi ya farasi katika majimbo kadhaa kwa wakati mmoja. Steve Asmussen, kwa mfano, alivuka ushindi 10,000 mwaka 2023, na hakuna binadamu anayeweza kufikia hesabu hiyo kwa kumkagua kila farasi kwa mkono wake. Neno la saisi hupita kwa msimamizi, likapita kwa msaidizi, na likifika juu limeshakuwa "farasi yuko sawa, ana joto kidogo." Tena saisi wengi huko ni wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, baadhi yao wakiwa kwa viza inayowafunga kwa mwajiri mmoja. Msomaji mwenye dada au kaka aliyefanya kazi za ndani Ghuba anajua maana ya hilo bila mimi kumfafanulia. Mtu ambaye kibali chake cha kukaa nchini kimo mkononi mwa tajiri wake hatamwambia tajiri kwamba farasi wa milioni mbili asikimbie Jumamosi.

Nisieleweke kwamba mazizi madogo ni ya malaika. Baadhi ya vifo vinavyouma zaidi hutokea chini kabisa, kwenye mbio ambazo kila farasi anayeingia amewekewa bei na mtu yeyote mwenye leseni anaweza kumnunua kabla hajakimbia. Mkufunzi mdogo mwenye farasi sita na deni la majani humkimbiza farasi anayechechemea kwa sababu zawadi ya wiki hii ndiyo mshahara wa saisi wake. Farasi hubadilisha mikono mara tatu, nne kwa mwaka, na mwenye kumpokea hajui alichomwa nini wala lini. Lakini ufukara huu wa chini na utajiri wa juu ni kitu kimoja. Farasi bora na matajiri wakishahamia mazizi matano, aliyebaki anagombania makombo kwa kutumia miguu ya wanyama waliokwisha kuchoka.

Halafu kuna fedha za mbegu, ambazo mtazamaji wa kawaida hazijui, na ndizo kubwa kuliko zote. Justify alianza kukimbia Februari 2018 na kumaliza Juni mwaka huohuo. Mbio sita, ushindi sita, Taji la Mara Tatu la Marekani (ushindi katika mbio tatu kuu za mwaka mmoja), mapato yapata dola milioni 3.8. Haki za kumtumia kama dume la mbegu ziliripotiwa kununuliwa na Coolmore, kampuni ya kuzalisha farasi, kwa dola milioni 60. Tazama hesabu hiyo. Fedha kubwa haiko uwanjani. Uwanja ni mahali pa kumpandishia bei. Farasi anasukumwa ashinde mapema, akiwa na miaka miwili na mitatu, mifupa bado inakomaa, kisha anaondolewa kabla udhaifu wake haujaonekana, na udhaifu huo, kama upo, unarithishwa kwa mamia ya watoto. Justify naye, aliyefundishwa na Baffert, alikuwa amekutwa na skopolamini, kemikali isiyoruhusiwa mbioni, baada ya mbio za Santa Anita Derby Aprili 2018. Huenda ilitoka kwenye magugu yaliyochanganyika na majani, na inawezekana kabisa. Ila bodi ya California ililimaliza jambo hilo faraghani, na umma ukaja kulijua kupitia gazeti la New York Times mwaka 2019. Gazeti hilo lilieleza pia kwamba mwenyekiti wa bodi wakati ule alikuwa na hisa katika farasi waliokuwa wakifundishwa na Baffert. Hata kama kila mtu alikuwa na nia safi, mimi mpanga mashindano nisingeruhusu mwamuzi awe na fungu kwenye zizi analoliamua.

Mwaka 2020 chama cha Jockey Club cha Marekani, kinachosajili farasi wa mbio, kilijaribu kuweka kikomo: dume mmoja asipandishwe majike zaidi ya 140 kwa mwaka, ili farasi wasizidi kutoka kwenye damu ya madume wachache tu. Mashamba makubwa ya Kentucky yalikwenda mahakamani, na wabunge wa jimbo wakaandaa muswada wa kuipinga kanuni hiyo. Februari 2022 chama kikaiondoa.

Wanaotetea mazizi makubwa wana hoja ambayo nimeisikiliza kwa makini. Wanasema zizi kubwa ndilo lenye bwawa la kuogelea farasi, madaktari wa kudumu na mashine za kupiga picha mifupa, na kwamba mkufunzi mdogo hana uwezo huo. Ni kweli. Lakini Godolphin, zizi la mtawala wa Dubai, lilikuwa na kila kitu kinachonunulika pale Newmarket, Uingereza, na bado mwaka 2013 mkufunzi wake Mahmood Al Zarooni alifungiwa miaka minane kwa kuwapa farasi stanozololi, dawa ya kujenga misuli, na nyingine za aina hiyo. Vifaa vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumkatalia.

Kuna mahali ambapo swali hili lilijibiwa kwa njia nyingine. Hong Kong mkufunzi hupewa nafasi za farasi kwa kikomo, na leseni za wakufunzi ni chache zinazojulikana idadi yake. Madaktari wa farasi wanaajiriwa na klabu inayoendesha mbio, hawalipwi na mkufunzi, na rekodi ya majeraha ya kila farasi iko wazi kwa umma, hata mcheza kamari wa shilingi kumi anaweza kuisoma. Tena farasi wengi huko wamehasiwa, na hakuna biashara ya mbegu ya kukimbilia. Golden Sixty alikimbia mara 31 na kushinda 26, akaendelea hadi umri wa miaka minane. Si kwamba farasi wa Hong Kong wanaishi peponi. Wanakaa vyumbani saa nyingi mno za siku, na mji hauna malisho. Ila pale mtu mwenye mamlaka ya kumzuia farasi asikimbie halipwi na mtu anayetaka akimbie, na hilo peke yake linatosha kunifanya nihoji kwa nini Kentucky na California zimeshindwa.

Marekani imeanza kusogea. Mamlaka ya kitaifa ya usalama wa mbio, HISA, ilianza kazi Julai 2022, na mwaka 2023 ikachukua pia upimaji wa dawa. Mwaka 2024, kwenye viwanja vilivyo chini yake, vifo vilishuka hadi 0.90 kwa kila farasi 1,000 walioanza mbio, wakati mwaka 2009 kiwango cha nchi nzima kilikuwa 2.00. Nafurahi kwa kila farasi aliyesalimika. Lakini mamlaka hiyo inapima damu na kukagua miguu. Haigusi idadi ya farasi wanaoweza kukaa chini ya mkono mmoja. Ningependa ianzie hapo: kila mkufunzi awe na kikomo cha farasi kama Hong Kong, na farasi wa mkufunzi aliyefungiwa wasihamie kwa mtu aliyekuwa msaidizi wake. Daktari alipwe kutoka mfuko wa pamoja unaochangiwa na kamari. Na ile kanuni ya majike 140 iletwe tena mezani, safari hii ikiwa sheria ya nchi, ili wenye mashamba wakitaka kuipinga wakapingane na Bunge la Marekani badala ya kukitisha chama.