Tambarare Yetu Moja

Jumanne niliamka nikakuta uwanja umevaa mabati.

Jioni ya jana yake niliuacha uchi kama siku zote, mbuzi wawili katikati na goli moja lisilo na mtambaa panya. Asubuhi, mabati ya bluu pande tatu, mlinzi kakaa juu ya ndoo, na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: ENEO HILI HALIUZWI. Sasa bwana wewe, kama haliuzwi, ulilipataje?

Na huyo mlinzi ni kijana wetu wa hapahapa. Magoti yake yana makovu ya changarawe za uwanja uleule. Namwambia, "Mwanangu, fungua nipite, naenda kazini." Ananijibu, "Baba Kulwa, shikamoo, lakini nimeambiwa hakuna kupita." Shikamoo kanipa, njia kaninyima. Nikazunguka. Kuzunguka kwa huku kwetu maana yake ni kupanda mawe, kushuka mawe, kupita dirishani kwa watu wanakunywa chai, halafu kufika kituo cha daladala umechanika suruali.

Maana lazima uielewe Mwanza ya mlimani. Wageni wakija wanapelekwa pale ziwani kupiga picha Jiwe la Bismarck, wanashangaa, lo, mawe yamekaa moja juu ya jingine na hayaanguki! Sisi tunaishi hivyohivyo na hakuna anayetupiga picha. Nyumba imeegemea jiwe, choo kimeegemea nyumba, mimi nimeegemea mkopo wa Mama Kulwa wa vikoba. Mlima mzima una tambarare moja. Moja! Ndiyo hiyo iliyovikwa mabati.

Mtu wa Shinyanga hawezi kuelewa uchungu huu, kwao ukimwaga maji yanasimama yanafikiri. Hapa mtoto akipiga mpira nje ya uwanja, mpira unashuka ngazi, unapita kwa fundi cherehani, unavuka lami bila kuangalia kulia wala kushoto, na ukiwa na bahati unaukuta umekwama mtaroni. Ukikosa bahati, kamuulize sangara.

Na msiba je? Ulishawahi kukaa msibani kwenye mteremko? Unalia huku umekanyaga breki. Alipofariki jirani yetu mmoja wakati wa mvua, uwanja umejaa maji, turubai tukalifunga kwenye kichochoro. Viti vya plastiki vikaanza kusafiri na watu wake. Mzee mmoja alianza kutoa salamu za rambirambi kwa upande wa baba, akamaliza akiwa upande wa mama.

Pale uwanjani ndipo tunapoanika michembe ya viazi, ndipo bodaboda wanapojifunzia kabla hawajaja kutuua barabarani, ndipo Kulwa na Doto walipojifunza kutembea. Ndipo wagombea wa vyama vyote, tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, wanapokuja kutuahidi maji ya bomba. Maji tunayaona vizuri sana ukisimama pale. Kilomita za mraba zaidi ya 68,000 zinametameta, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na mimi nina ndoo tupu mkononi.

Basi mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa mtaa akasema tutulie, mwekezaji ana karatasi. Akatandika mchoro mezani. Bagosha! Mchoro ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Fremu za maduka, ukumbi wa sherehe, magari yamepaki kwa adabu, miti imenyolewa, mzungu anasukuma kigari cha mtoto. Nikamtafuta fundi viatu wetu kwenye mchoro, simwoni. Nikamtafuta Mama Kulwa na karai lake la vitumbua, simwoni. Pembeni kumeandikwa "sehemu ya watoto kuchezea". Nikaweka kidole juu yake, kikaifunika yote.

Akasimama Mwalimu. Huyu ni mstaafu, na mstaafu aliyefundisha uraia ukimpa nafasi ya kusema utalala na njaa. Akatuambia kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini tu kwa niaba yetu. Mtu anapewa haki ya kuitumia: miaka 33, au 66, au 99. Akasema kuna na Sheria ya Mipango Miji ya 2007, eneo likishachorwa kuwa la wazi huwezi kuamka tu ukaligeuza maduka, matumizi yanabadilishwa kwa utaratibu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza: kama ardhi ni ya umma, na umma ni mimi, mbona sikupigiwa simu? Watu wakapiga makofi. Kwa kweli hapo ndipo nilipoharibikiwa. Makofi ni kitu kibaya sana kwa mtu ambaye nyumbani hasikilizwi.

Nikaendelea. Nikawasimulia habari za shemeji yangu, muuza dagaa, ambaye alisoma mahali kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Akachukua kamba, akaenda kupima ukuta wa jumba moja lililojengwa pale anapoanikia. Kamba haikuhitajika. Ukuta ulikuwa unanawa miguu. Alifukuzwa na mbwa, lakini mwaka 2020, ziwa lilipofurika, lilikuja lenyewe kupima mita zake. Mbwa wakahamishwa kwa mtumbwi.

Watu wakacheka, wakapiga makofi tena. Nami nikanyanyua kidole juu, nikatamka neno ambalo mpaka leo Mama Kulwa akitaka kunikomesha ananirudishia kwa sauti yangu: "Yeyote aliyevamia eneo la wazi, awe mkubwa awe mdogo, aondoke!"

Nikachaguliwa kamati hapohapo.

Safari za kamati sizielezi, zina maneno mawili: njoo kesho. Tulikaa kwenye mabenchi mpaka tukayajua kwa majina. Lakini Mwalimu ana ugonjwa wa kuandika barua, na kila barua anaitolea nakala tano na kugongesha mhuri wa kupokelewa, basi siku moja, sijui walimchoka, mpima akaja kweli. Kijana mpole, kofia ya jua, mashine ya miguu mitatu, na ramani ya mipango miji imekunjwa kwapani.

Mtaa mzima ukatoka. Akaitandaza ramani, akakuna kichwa, akasema, "Wazee wangu, mbona uwanja wenu kwenye ramani ni mkubwa kuliko huu?"

Shangwe! Vigelegele! Tumedhulumiwa kuliko tulivyodhani! Mimi ndiye niliyeruka juu zaidi. Mwekezaji mwenyewe, aliyekuwa kwenye gari na kioo nusu, akapandisha kioo chote.

Mpima akasema basi tutafute bikoni, alama za mpaka, ziko nne. Ya kwanza ikakutwa kwenye mabati ya mwekezaji, ndani kabisa. Zomea zomea. Ya pili imefunikwa na gereji, ndani ya shimo la kumwagia oili chafu. Watu wakaguna kidogo, fundi akaangalia ziwani. Ya tatu, chini ya baraza ya Mwalimu. Ya Mwalimu! Akaanza kueleza kwamba baraza si jengo la kudumu, akanukuu vifungu, hakuna aliyemsikiliza.

Ya nne mpima akaifuata kwa mashine. Hatua kumi, kushoto, hatua tano. Umati nyuma yake. Mimi nilikuwa mbele, nikisafisha njia, "Pisheni, pisheni kamati!" Nikashtukia tumesimama kwenye banda langu la kuku.

Sasa nieleze. Lile banda lilianza dogo. Kuku wakazaa, banda likasogea. Kuku hawasomi ramani. Na kile kipande cha zege mle ndani nilikikuta zamani, ni kizuri sana cha kunolea panga, nikajenga kukizunguka kisinyeshewe. Namba zilizochongwa juu yake nilidhani ni za fundi aliyekitengeneza.

Kimya. Kisha nikamsikia Mama Kulwa nyuma kabisa, kwa sauti ya mkutano: "Awe mkubwa awe mdogo!"

Yule mlinzi kule kwenye mabati alicheka mpaka akaanguka na ndoo yake. Kioo cha gari kikashuka chote.

Mpima akaniomba kwa heshima, "Baba, naomba umwondoe huyo tetea nisome namba." Nikamwambia mwanangu, hilo haliwezekani. Anaatamia. Kuku ni siku 21, na huyu ana ya tisa. Nenda kaanze na mabati ya yule pale, ukimaliza tutakuwa tumeshaangua.