Umeme wa Usiku Katika Majengo ya Manispaa

Mita ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, iliyo ukutani mwa ofisi ya umma hueleza uniti zilizobaki, lakini haielezi zilizotumika ziliishia chumba gani wala saa ngapi. Mhasibu huingiza tarakimu 20, mita ikapokea, na mwezi ukiisha kinachojulikana ni kwamba fedha zilizotengwa hazikutosha. Pengo hilo linatosha kulifanya wazo la kufuatilia umeme wa majengo kutoka mbali lijadiliwe katika manispaa za Mtwara-Mikindani na Lindi, kusini mwa Tanzania, ingawa nahisi wengi wanaolipigia debe wanashikilia sababu iliyo dhaifu, yaani kupunguza gharama.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Vihisi hubanwa kwenye nyaya za swichi kuu, hupima mkondo, kisha kila baada ya dakika 15 au zaidi hesabu hutumwa kwa laini ya simu hadi kwenye kompyuta ya mhandisi. Kinachostahili kutazamwa kwanza kwenye mchoro wa hesabu hizo ni mstari wa matumizi ya usiku. Saa za kazi serikalini huishia saa 9:30 alasiri. Kiyoyozi cha kilowati moja kikiachwa kikinguruma hadi saa 1:30 asubuhi, hizo ni saa 16, na huweza kula hadi uniti 16 katika chumba kisicho na mtu. Mlinzi analijua hilo bila kompyuta, kwa kuwa maji ya kiyoyozi humdondokea karibu na kiti chake usiku kucha. Asichokuwa nacho ni ufunguo.

Hapo wanaopinga wana haki ya kusikilizwa. Ikiwa upotevu unaonekana kwa macho na bado hakuna anayeuzima, mchoro kwenye kompyuta utaongeza nini, zaidi ya ada ya bando, matengenezo ya vifaa vinavyoliwa na chumvi ya bahari, na mkataba na mzabuni aliye mbali? Tena mtandao wenyewe una siku zake: Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, kwa hiyo kifaa kisichoweza kutunza hesabu zake chenyewe hakifai kununuliwa. Hofu ya watumishi kuchunguzwa naiona ndogo, mradi kinachopimwa ni jengo, si meza ya mtu.

Sababu yenye nguvu zaidi iko kwenye zahanati na vituo vya afya, ambavyo navyo viko chini ya manispaa. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na katika mikoa hii, iliyotegemea kwa miaka mingi mitambo ya umeme inayotumia gesi ya Mnazi Bay, nje ya Gridi ya Taifa, umeme kukatika usiku si habari ya kumshtua mtu. Kifaa chenye betri yake, kinachotuma ujumbe mfupi wa simu mara umeme unapokatika, humpa muuguzi nafasi ya kuhamishia chanjo kwenye kasha la barafu kabla ya kupambazuka. Faida hiyo haionekani kwenye hesabu ya uniti, na pengine ndiyo maana haitajwi.

Ningeanza na vituo hivyo, pamoja na zamu iliyoandikwa ya nani apokee ujumbe huo usiku. Kwa ofisi kuu, kabla ya kununua kihisi hata kimoja, ningempa mlinzi nakala ya ufunguo na idhini ya kuzima.