Harusi Kubwa ya Ngazija: Inafilisi Komoro au Inaibeba?

Ikifika Julai, uwanja wa ndege wa Hahaya, kaskazini mwa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, hujaa masanduku yaliyofungwa kamba na watu waliovaa kama wanaingia ukumbini. Wenyeji wana jina lao: "je viens", Kifaransa cha "naja". Ni Wakomoro wa Marseille na Paris wanaorudi likizo, ingawa wengi hawaji kupumzika. Wamekuja kuoa, kuozesha, au kurudisha kwa mtu kile alichowatolea wao mwaka wa juzi.

Harusi yenyewe ni "anda", neno lile lile la Kiarabu ambalo sisi tunasema "ada" na tukalibakiza kwenye karo za shule. Ngazija ada imebaki na uzito wake wa zamani. Mwanamume anaweza kuoa kwa harusi ndogo, akazaa watoto watano, akafika miaka hamsini, na bado mjini akahesabiwa mtoto. Mpaka afanye anda ndipo anapokuwa mtu mzima kweli: anavaa mharuma, kitambaa cha heshima, begani, anakaa safu za mbele, anasema bangweni, uwanja wa mikutano ya mji, na anasikilizwa. Aliyesoma mpaka shahada ya tatu bila anda hunyamaza mbele ya mvuvi aliyeifanya.

Wachumi wengi wakiitazama nchi hii huanza kulaumu hapo, na si bure. Komoro ni visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, kwa jumla chini ya kilomita za mraba 1,900 na watu wapata laki nane na nusu. (Huku pwani wote tunawaita Wangazija, jambo ambalo Mnzwani halipendi.) Wa nne, Maore (Mayotte), ulibaki na Ufaransa visiwa vilipotangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Bidhaa za kuuza nje ni karibu tatu tu: karafuu, vanila na mafuta ya langilangi, maua ya manukato. Kinachoilisha nchi ni fedha zinazotumwa na waliohama, zinazofikia karibu moja ya tano ya pato la taifa. Sasa mtu anafagia hoteli Marseille miaka kumi na tano, anakusanya yuro moja moja, halafu wiki mbili za Agosti zinazimaliza kwa dhahabu, mchele, ng'ombe na bahasha. Kwa fedha hizo angenunua boti ya uvuvi yenye injini, au friji ya barafu kwa soko zima. Badala yake anarudi kazini na deni.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inadhani fedha iliyotolewa kwenye anda imepotea. Ukiifuatilia, sehemu kubwa haijapotea, imezunguka. Anachotoa bwana harusi kinagawiwa kwa hirimu yake, yaani watu wa rika lake, kwa wazee na kwa mji, na kila kinachotolewa kinakumbukwa, mara nyingi kwa daftari. Zamu ya mwingine ikija, naye anapokea fungu lake, mpaka anakufa. Ni upatu wa maisha nzima. Na fungu la mji hujenga: barabara za vijijini, madarasa, misikiti na nguzo za umeme kadhaa Ngazija zimelipiwa na fedha za anda na michango ya vyama vya waliohama. Kijiji kinachosubiri bajeti ya Moroni kinasubiri sana.

Kuna na jambo la nyumba. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Inajengwa na ukoo wake, na mume ndiye anayehamia. Anda ndiyo inayohimiza nyumba hiyo ikamilike, na dhahabu inayoletwa inabaki kwake. Ndoa ikivunjika, anayebeba sanduku ni mwanamume. Sidhani zipo sera nyingi za maendeleo katika bahari hii zilizowaachia wanawake paa na akiba ya namna hiyo.

Anayependekeza serikali iipige marufuku anda asome habari za Ali Soilih, aliyeitawala Komoro. Aliingia madarakani 1975, akaja na mapinduzi yake ya vijana, akaishambulia anda waziwazi kuwa ni ufujaji. Mei 1978 mamluki wa Mfaransa Bob Denard walimpindua, na akauawa muda mfupi baadaye. Anda ilirudi kana kwamba haikuondoka.

Kwa hiyo mimi sioni kama ugonjwa uko kwenye harusi. Tazama sinia. Wali: mchele umetoka Asia. Kuku: mabawa yaliyogandishwa, ambayo Moroni yanapendwa kupita kiasi, yamekuja na kontena. Vitambaa, masufuria na viti vya plastiki vingi vimenunuliwa Dubai au Kariakoo, ambako wafanyabiashara wa Kikomoro ni wateja wa siku nyingi. Hata ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ng'ombe walioletwa kutoka Tanzania waliingia Ngazija na ndigana kali, wakafa ng'ombe wengi wa kienyeji waliokuwa hawaujui ugonjwa huo. Yaani sherehe ilikula mpaka mifugo ambayo ingeilisha kesho. Yuro inashuka Hahaya asubuhi na jioni iko bandarini inasubiri meli ya kurudi.

Na mfumo mzima umekaa kuisukuma itoke. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro: yuro 1 ni faranga 491.97, leo, jana, na tangu yuro ilipoanza 1999. Mwenye ndugu Ufaransa anashukuru, kwa sababu fedha yake haiyeyuki kama tunavyoona zikiyeyuka sarafu za majirani, na bei haziruki ovyo. Mkulima wa ndizi wa Mwali anaiona faranga hiyo hiyo kwa jicho jingine: mchele wa meli unamshinda bei nyumbani kwake. Serikali nayo inategemea sana ushuru wa forodha. Kila kontena la mabawa linalipa mshahara wa mwalimu, mshahara ambao hata hivyo umezoea kuchelewa. Nani hapo ana haraka ya kuona mabawa yakipungua?

Upande wa mauzo, langilangi ndiyo inayonisikitisha. Wanawake wa Nzwani huchuma maua ya njano alfajiri, kabla jua halijayakausha. Yanatiwa kwenye mtambo wa kukeneka, moto wa kuni unawashwa chini, mvuke unapanda, unapozwa, na mafuta yanaelea juu ya maji. Mafuta ya saa za mwanzo ndiyo ghali, yanayofuata hushuka daraja, na moto unaweza kuwaka karibu siku nzima. Kilo 50 za maua hutoa kama kilo 1. Langilangi imo ndani ya manukato ya Chanel No. 5 tangu 1921, na Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta hayo duniani. Chupa inapata bei Paris. Nzwani kinabaki kilima kilichokatwa miti kwa ajili ya kuni, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa inakauka. Vijana wa vilima hivyo ndio wanaopanda kwasa-kwasa, boti ndogo za magendo, usiku kuvuka kilomita zipatazo 70 kwenda Maore, safari iliyoua maelfu tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoitetea anda kwa kila hali. Anda ni desturi ya Ngazija. Mnzwani maskini hana mjomba Marseille wala hirimu inayomrudishia fungu, na upatu, hata uwe mzuri vipi, unawapa waliomo. Nchi yenye karibu watu wanne na nusu katika kila kumi chini ya mstari wa umaskini haiwezi kuachia barabara zake zijengwe na wanaume wanaotaka kuvaa mharuma.

Ipo miji ya Ngazija iliyokwisha kujiwekea viwango vya matumizi, na kwa maoni yangu njia ni hiyo, kwa sababu wazee wanaheshimiwa kuliko waziri. Kiwango ninachokitaka mimi si cha fedha, ni cha sinia: nusu ya kinachopakuliwa kiwe kimetoka visiwani, samaki, muhogo, ndizi, nazi, mayai. Mvuvi angepata mteja wa uhakika kila Agosti, na mfugaji wa kuku angekuwa na sababu ya kukopa. Ila harusi isiyo na wali wa kutosha, Ngazija hata Unguja, watu wataisimulia mpaka Agosti nyingine.