Mtoto Akiuliza la Aibu: Tumjibu au Tumnyamazishe?

Mtoto mdogo hachagui mahali pa kuuliza. Kwenye kivuko cha Likoni, umati ukisubiri feri, wa miaka minne humwona mtu aliyekatwa mguu akauliza kwa sauti, "Mama, mbona huyu hana mguu?" Wengi wetu humfinya anyamaze, kisha tukatazama kando, na yule aliyeulizwa habari zake amesikia yote. Ingetosha kumwambia mtoto kwamba wako watu wenye mguu mmoja, nao hutembelea magongo, kisha tukamsalimu mwenyewe.

Wanaotetea ukimya, hata hivyo, wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Malezi ya Pwani yamejengwa juu ya haya na sitara, na mambo ya unyumba hayakuwa yakitajwa ovyo: msichana alipovunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima aliyeaminiwa, akamfunza faraghani yale ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Mzee anayesema kwamba mtoto wa miaka mitano hapaswi kusimuliwa ya chumbani anasema kweli, kwani maelezo yanayozidi swali humchanganya mtoto. Tatizo ni kwamba utaratibu huo ulimngoja mtoto abaleghe, ilhali maswali huanza akiwa na miaka mitatu, na simu iliyoachwa kitandani haimngoji.

Tena haya haikuwahi kumaanisha kufunga mdomo. Ummu Sulaym, sahaba wa kike, alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama mwanamke hulazimika kuoga aotapo ndoto ya usiku, akitanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kwa jambo la haki, naye akajibiwa kwa ufupi na bila kukemewa. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inaagiza watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya isha. Adabu hiyo haifundishiki bila kumweleza mtoto kwamba watu wazima wana faragha yao na kwamba mwili una sehemu za kusitiriwa.

Naona tunakosea zaidi msibani. Huku kwetu maziko hayacheleweshwi. Asubuhi babu yupo, alasiri jeneza limeshatoka na nyumba imejaa watu, na mtoto anaambiwa kwamba babu amelala, au amesafiri. Anayesema hivyo anakusudia upole. Lakini utafiti wa Maria Nagy kuhusu watoto wa Budapest, uliochapishwa mwaka 1948, ulionyesha kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano huelekea wao wenyewe kukiona kifo kama usingizi au safari, kwa hiyo jibu letu linakazia kosa ambalo tayari limo akilini mwao. Mtoto atangoja babu arudi, au ataogopa kulala. Nyanya atakapokaa eda ya miezi minne na siku kumi, mtoto atataka kujua kwa nini nyanya hatoki tena. Tumwambie hivi: "Babu amekufa, hapumui, hali, na hatarudi nyumbani, nasi tunamwombea dua." Hilo mtoto wa miaka minne analiweza. Atauliza tena kesho na keshokutwa, nasi tumjibu vilevile, kwa sababu jambo zito humwingia kidogo kidogo. Habari za adhabu ya kaburi zinaweza kungoja.

Kuhusu mimba, wengi wa umri huo huridhika wakiambiwa kwamba mtoto hukua tumboni mwa mama, na wakati ukifika mkunga humsaidia kutoka. Wa miaka minane anaweza kuongezewa kwamba mbegu ya baba hukutana na yai la mama. Kisichofaa kungoja ni majina ya viungo, na kanuni kwamba hakuna wa kumgusa tupu zake isipokuwa anayemwosha, au daktari mbele ya mzazi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinairuhusu mahakama, katika kesi za makosa ya kingono, kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyedhulumiwa peke yake, iwapo itaridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake. Mtoto aliyefinywa kila alipotaja mwili wake atausemaje ushahidi huo?

Linalobaki gumu ni nyumba yenyewe. Katika familia nyingi za Mji wa Kale au Kisauni mtoto analelewa na mama, nyanya, shangazi na yaya, na swali lilelile huwafikia wote. Mama akisema mtoto hukua tumboni, na nyanya akasema alinunuliwa hospitali, mtoto atajua kwamba mmoja wao amemdanganya. Kwa hiyo mama amwendee nyanya mapema, kwa heshima, amweleze atakachojibu, na amsikilize anapoona limezidi kipimo, kwa kuwa mara nyingi mwenye kulijua neno la kweli lenye sitara ni yeye.