Poplar 1921: kilichomshindia Lansbury si jela

Wanaomsifu George Lansbury, mwanasiasa wa Labour (chama cha wafanyakazi) wa Uingereza, huanza na jela aliyofungwa mwaka 1921. Kwangu mimi, kazi yenyewe ilifanyika kwenye daftari la kodi.

Novemba 1919 chama cha Labour kilizoa viti 39 kati ya 42 vya halmashauri ya Poplar, mashariki mwa London, Lansbury akawa meya. Halmashauri iliendeshwa kwa kodi ya majengo, iliyokadiriwa kwa thamani ya pango. Peni moja kwa kila paundi ya thamani hiyo ikitozwa Westminster kwenye majumba ya matajiri iliingiza fedha nyingi kuliko peni hiyohiyo Poplar, na kila eneo lilijibebea mzigo wa wasio na kazi wake. Kwa hiyo maskini ndio walitozwa zaidi kuwalisha maskini wenzao.

Machi 1921 halmashauri ikagoma, lakini haikugomea kodi yote; hapa wengi hukosea. Iliendelea kutoza kodi yake na ya msaada wa maskini, ikafuta mafungu manne tu iliyotakiwa kuvikusanyia vyombo vya London nzima: Baraza la Kaunti, polisi, maji na bodi ya hospitali. Huduma za mtaani hazikusimama, na mpangaji akapata nafuu. Wangefuta yote, wangegombana na wapiga kura wao kabla ya kumfikia jaji.

Septemba madiwani 30 wakafungwa kwa kukaidi amri ya mahakama ya kulipa mafungu hayo, wanaume gereza la Brixton, wanawake la Holloway. Kifungo hakikuwa na ukomo. Wakadai haki ya kufanya vikao humohumo gerezani, wakakubaliwa. Wanawake wakawa wanaletwa Brixton kwa teksi. Hata hivyo, serikali ilitishika zaidi halmashauri nyingine za mashariki mwa London, Bethnal Green na Stepney, zilipopiga kura kufuata nyayo hizo. Herbert Morrison, meya wa Hackney na Labour mwenzao, alipinga mgomo, na naona alikosea. Tarehe 12 Oktoba walitoka bila kuomba radhi, na kabla mwaka haujaisha sheria ikagawa gharama za msaada kwa London nzima. Minnie Lansbury, mkwe wa George na mmoja wa waliofungwa, alikufa kwa nimonia 1 Januari 1922, akiwa na miaka 32.

Walipokuja kubanwa ni kwenye mishahara. Tangu 1920 kima cha chini kilikuwa paundi 4 kwa wiki, wanaume na wanawake sawa. Bei za vitu zilipoanguka hawakukishusha. Mkaguzi wa hesabu akaikataa ziada na kuwadai madiwani wenyewe, na mwaka 1925 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati huo, wakamuunga mkono. Sheria huenda ilikuwa upande wa mkaguzi. Mimi niko upande wa wafanyakazi wanawake waliolipwa sawa na wanaume.