Msiilaumu Sensa ya Klorini Kabla ya Kukagua Bomba la Sampuli

Kipima klorini kilichofungwa kwenye mtambo wa kusafisha maji kikianza kutoa namba zisizoeleweka, kila mtu hunyooshea kidole sensa, yaani kile kifaa chake kinachohisi klorini. Inaagizwa mpya, inasubiriwa miezi, inafungwa, na baada ya wiki mambo ni yaleyale. Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi sensa ni nzima. Tatizo ni jinsi maji yanavyoifikia.

Tuanze na bomba la sampuli, linalochepusha maji kidogo kutoka bomba kuu hadi kwenye sensa. Wengi hulivuta mita 20 ili kipima kikae ofisini. Bomba la nusu inchi lenye urefu huo linabeba kama lita 2.5. Mtiririko ukiwa nusu lita kwa dakika, namba unayoisoma ni ya maji yaliyopita dakika 5 nyuma. Pampu ya kudozi, yaani ya kuingiza klorini, inayofuata namba hiyo hukimbiza kivuli: inaongeza klorini iliyokwisha kuzidi na kupunguza iliyokwisha kupungua. Isitoshe, ndani ya bomba refu hujijenga utelezi, nao unakula klorini njiani. Bomba liwe fupi na jembamba, litoke ubavuni mwa bomba kuu, kwa sababu juu hukaa hewa na chini hutulia tope. Tena litoke mbali kiasi na pale klorini inapoingizwa, maji yawe yameshachanganyika.

La hatari zaidi ni maji kusimama. Sensa ya utando, ambayo klorini hupenya ngozi yake nyembamba ili ipimwe, hutumia klorini kidogo kila inapopima. Chujio la sampuli likiziba, klorini iliyobaki kwenye kikombe cha sensa inaisha na namba kwenye kioo inashuka kuelekea sifuri. Kama pampu inaendeshwa na usomaji huo, itamwaga klorini kwa nguvu zake zote kwenye maji ambayo hayakuwa na upungufu wowote. Kwa hiyo mtambo wa namna hii usikabidhiwe bila swichi ya mtiririko inayoizuia pampu sampuli inapokatika. Hapo sioni nafasi ya kubembelezana na mkandarasi.

Halafu kuna pH, yaani kiwango cha uasidi au ubesi wa maji, ambayo watu huisahau. Sensa nyingi za utando huona zaidi asidi ya haipoklorasi, yaani ile sehemu yenye nguvu ya kuua vijidudu katika klorini huru (klorini ambayo bado haijaungana na uchafu). Kwenye pH 7.5 ni karibu nusu ya klorini huru, kwenye 8.5 inabaki kama sehemu moja ya kumi. Mitambo inayovuta maji Ziwa Victoria inalijua hili hata kama haijalipa jina: mwani ukishamiri, jua la mchana hupandisha pH na usomaji wa klorini unashuka bila mtu kugusa kitu. Pima pH kwanza, ndipo uguse kitufe cha kalibresheni, kile cha kusahihisha usomaji wa sensa.

Na kitufe hicho kisiguswe kabla ya kipimo cha DPD, dawa inayogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Chota sampuli palepale maji yanapotoka kwenye sensa, usichote bomba la jikoni. Soma klorini huru ndani ya dakika moja, uandike namba zote mbili daftarini. Rangi ya waridi ikitokea na kupotea ghafla, usiandike sifuri: klorini nyingi mno huifuta rangi hiyo, hivyo zimua sampuli kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) urudie. Utando ukiwa mpya, ipe sensa saa kadhaa itulie kama kitabu chake kinavyoelekeza. Hakikisha pia hakuna kiputo cha hewa chini ya utando.

Kinachoniumiza ni zabuni zetu. Zinanunua kipima cha bei kubwa, lakini utando, elektroliti (maji ya ndani ya sensa) na dawa ya DPD havimo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita pale mteja anapopokea maji, na mteja wa mwisho wa mstari hana kioo cha kutazama. Anatutegemea sisi. Zabuni ijayo ibebe vipuri vya miaka miwili, na mafunzo yafanyike na mhudumu wa zamu ya usiku akiwepo. Huyo ndiye atakayekuwa peke yake saa nane usiku king'ora kikilia.